Aliyepigwa na Radi Haguswi

Nyumba yangu haina kitu chekundu. Hakuna pazia jekundu, wala ndoo, wala beseni la plastiki, na kanga ninazopewa kwenye harusi hukaguliwa kwanza kabla hazijavuka kizingiti. Mume wangu, ambaye alihamishiwa Bariadi kikazi kutoka mkoa wa mbali, ni shabiki wa timu inayovaa nyekundu, na jezi yake anaihifadhi kwa jirani kama mtu anayeficha gongo. Siku za mechi anatoka na shati jeupe, anarudi na shati jeupe, ya katikati Mungu ndiye anayeyajua. Watani wake kazini wanamwambia hakuoa, ameolewa. Anacheka tu, kwa sababu anajua sheria hiyo si yangu. Ni ya mama yangu, ambaye siku hizi anaishi nasi kwa sababu ya presha na miguu.

Wingu likianza kujikusanya upande wa Serengeti, mama huinuka kwenye kiti chake bila kuambiwa na mtu. Kioo cha ukutani anakifunika kanga. Runinga inachomolewa, sufuria zilizoanikwa uani zinaingizwa ndani, simu zinazimwa, na sote tunakaa katikati ya chumba mbali na ukuta, tumenyamaza. Mimi ni nesi, nimesoma, na nina mdomo ambao wagonjwa wangu wanaujua, lakini kwa mama huwa nanyamaza. Mume wangu aliwahi kuniuliza kwa nini simwelezi mama mambo ya kioo na rangi nyekundu, kwamba hayahusiani na radi hata kidogo. Nilimwambia aache. Sikumwambia kwa nini, na hapa nitaandika kwa nini.

Joto la kwetu la mwisho wa mwaka halina adabu. Linaanza mwezi wa tisa, na ikifika wa kumi na mbili mabati yanalia saa nne asubuhi. Wenye akili wanaingia shambani alfajiri na kutoka kabla jua halijasimama. Mvua zikianza unategemea nafuu, lakini haziji kuondoa joto, zinakuja kukaa nalo. Asubuhi jua linakupasua, mchana wingu jeusi linasimama, na kati ya jua na mvua ndipo radi zinapopita. Kila mwaka kuna nyumba inayopata msiba wa namna hiyo, kama si kwetu basi Maswa, kama si Maswa basi Meatu.

Mwaka ninaousema nilikuwa kidato cha pili, nimerudi kijijini likizo ya Desemba. Nyumbani tulikuwa mama, dada yangu na mimi. Baba alikuwa upande wa Mwanhuzi kwa kaka yake, kushughulikia ng'ombe. Dada alinizidi miaka mitano. Alikuwa amechumbiwa, na wazee walikuwa wamekubaliana kwamba pamba ikishavunwa ataolewa. Katika watoto sita aliozaa mama, wanne walikufa wadogo. Tulibaki sisi wawili tu, na mama alituhesabu kwa macho kila tulipoingia ndani, hata tukitoka chooni.

Siku hiyo tulikuwa tunapalilia pamba. Shamba letu lilikuwa la udongo mweusi wa mbugani, ule ambao ukilowa unakushika miguu mpaka unabeba kilo mbili kila upande. Tulianza kabla jua halijatoka. Saa nne tukapumzika, tukala matobolwa, viazi vyetu vile vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na maziwa ya mgando. Tukarudi kwenye mistari. Tulitakiwa kwenda nyumbani wakati huo, lakini ilibaki mistari michache na dada alikuwa mtu wa kumaliza.

Jua lilikuwa kali kupita kiasi. Dada alisimama, akashika kichwa.

"Linanichoma utosi," akasema. "Nipe hicho kitambaa chako."

Kilikuwa kitambaa cha kichwa, chekundu, alichoniletea shangazi kutoka Nyashimo. Nilikuwa nakipenda kuliko nguo zangu zote. Nilisita.

"Utakitia jasho," nikamwambia.

"Nitakufulia, na kukupigia pasi."

Pasi yenyewe hatukuwa nayo. Tukacheka, nikamfunga mwenyewe, nikamkaza kwa nyuma. Nakumbuka shingo yake ilikuwa ya moto kama mtu mwenye homa.

Wingu lilikuja kama saa sita. Upepo ukageuka baridi ghafla, ule wa kusimamisha vinyweleo, na mama akaanza kutuita kutoka nyumbani. Nyumba ilionekana kutoka shambani, nyuma ya uzio wa minyaa. Mimi nilitupa jembe palepale nikakimbia. Dada hakukimbia. Kwetu kuacha jembe shambani lilikuwa kosa ambalo baba angelisemea siku tatu, kwa hiyo alirudi kuokota langu. Nilipogeuka nilimwona anakuja na majembe mawili begani, anatembea haraka lakini hakimbii. Hata tone la kwanza la mvua lilikuwa bado.

Watu husimulia kishindo cha radi. Mimi sikusikia kishindo. Niliona weupe tu, kisha nikajikuta nimekaa chini karibu na minyaa, masikio yanalia, mdomoni ladha ya msumari. Dada alikuwa amelala katikati ya mistari ya pamba, chali, hatua kama hamsini kutoka kwangu. Niliinuka, nikaanza kumkimbilia. Mama naye alitoka nyumbani mbio, mbio ambazo sikuwahi kumwona nazo, na nilidhani anamkimbilia dada. Alikuwa ananikimbilia mimi. Alinikamata kiunoni zikiwa zimebaki hatua chache nimfikie, tukaanguka wote wawili kwenye matuta.

Jirani yetu, mzee ambaye shamba lake la mtama lilipakana na letu, alifika wakati huohuo. Alisimama mbali kidogo, amevua kofia.

"Mayu, mshike huyo mtoto," akamwambia mama, akimwita mama kwa Kisukuma. "Aliyepigwa na radi haguswi. Bado imo ndani yake."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Kijijini kwetu hata mtoto wa darasa la kwanza alilijua hilo. Radi ikimpiga mtu inakaa mwilini mwake, na anayemgusa kabla hajawekewa dawa anaondoka nayo, inamfuata mpaka nyumbani na kuchukua mwingine wa damu hiyohiyo. Mwenye dawa ya radi alikuwepo, lakini alikaa kijiji cha ng'ambo ya kijito. Mzee akapanda baiskeli kwenda kumwita. Mvua ikaanza wakati anaondoka, kubwa, na nilijua kama wote walivyojua kwamba kijito kitajaa.

Nilipigana na mama. Naliandika hili kwa aibu, lakini nililifanya. Nilimpiga mateke, nikamng'ata mkono, na alama ya meno yangu ilikaa wiki nzima. Hakuniachia. Alinigeuza uso akaubana tumboni mwake nisione, nguo yake ikinuka moshi na mvua, na akawa anarudia maneno yaleyale kwa Kisukuma, polepole, kama anayembembeleza mtoto alale. "Umebaki wewe tu. Umebaki wewe tu."

Majirani walikuja. Walisimama pembezoni mwa shamba, wamejifunika magunia, katekista wetu akiwa miongoni mwao anasali rozari kwa mbali. Hakukuwa na hata mmoja mwenye roho mbaya. Hilo linaniudhi mpaka leo. Ningependa sana awepo mtu wa kumchukia, na kila nikiwapitisha mmoja mmoja nakuta ni watu waliotulimia pale baba alipougua, waliotuletea mahindi, walionifundisha kusali. Walisimama kwenye mvua saa tatu nzima kwa ajili yetu. Kitu pekee kilichotakiwa hawakukifanya, na hawakukifanya kwa upendo.

Mwenye dawa alifika alasiri, amelowa chapachapa. Alizunguka mwili, akanyunyiza vitu vyake, akasema sasa mchukueni. Mama akaniachia. Dada alikuwa wa baridi, na maji ya mvua yalikuwa yametuama kwenye mashimo ya macho yake. Tulimzika kesho yake. Baba alifika wakati kaburi linafukiwa. Hatukulia, kwa sababu wazee walisema aliyechukuliwa na radi haliliwi, ukimlilia unaiita irudi. Nilikaa kwenye mkeka nimeuma kanga mpaka ikatoboka.

Wanawake waliomwosha ndio waliomletea mama kile kitambaa. Kilikuwa kimeungua pembe moja. Mama alikishika, akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Chekundu," akasema.

Hakusema zaidi, siku ile wala siku nyingine. Hakunichapa, hakunifokea, na ugali wangu uliendelea kupakuliwa kama kawaida. Afadhali angenichapa. Radi hupenda nyekundu, kila mtu alijua, na nyekundu ile ilikuwa yangu, nilimfunga kwa mikono yangu. Kuanzia hapo vitu vyekundu vikaanza kutoka nyumbani kimoja kimoja, na mimi nikawa mtoto ambaye mama anamlinda kuliko mboni ya jicho lake lakini hamtazami usoni. Jembe hakuwahi kulitaja. Sidhani kama alijua kwamba dada alirudia langu, na sikumwambia.

Miaka saba baadaye nilikuwa chuo cha uuguzi. Mwalimu wetu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alikuwa anafundisha huduma ya kwanza. Akafika kwenye radi. Darasa lilichangamka, kila mtu akatoa ya kwao, wa vioo, wa nyekundu, wa kutokula mahindi ya kuchoma mvua ikinyesha. Mwalimu akasubiri tumalize.

"Aliyepigwa na radi hana umeme mwilini," akasema. "Mshike. Kama hapumui mpulizie pumzi, msukume kifua, usichoke. Moyo umesimama tu, mara nyingi unarudi. Wengi hawauawi na radi. Wanauawa na kusubiri."

Niliandika yote, kwa mwandiko mzuri. Kisha nikaomba ruhusa, nikaenda nyuma ya mabweni kwenye kamba za nguo, nikalia kilio nilichokatazwa. Nililia mpaka koo likakauka. Katikati ya kulia huko, nisifiche, kulikuwa na furaha mbaya. Haikuwa nyekundu. Haikuwa kitambaa. Miaka saba nilikuwa nimebeba mzigo usiokuwa wangu.

Nilikwenda nyumbani likizo iliyofuata nikiwa na daftari kwenye mkoba na hasira ya mtu aliyeonewa. Njiani nilipanga maneno. Nilikuta mama amekaa jikoni anapembua mchele, amezeeka kidogo, na aliponiona alinihesabu kwa macho kama zamani, ingawa nilikuwa peke yangu. Nikakaa karibu naye na daftari magotini. Ndipo nikaona kitu ambacho njia nzima sikukiona. Nikimwambia si kitambaa, ataniuliza basi ni nini. Nikimwambia ni kusubiri, hataniuliza nani alisubiri. Anajua. Mikono iliyonishika ni hii iliyokuwa inapembua mchele mbele yangu.

Daftari halikufunguka. Nilimsaidia mchele.

Nikaamua nitawaambia watu wote isipokuwa mmoja. Nimefanya kazi kwenye zahanati zaidi ya moja katika mkoa huu, nimefika mpaka Ipililo na vijiji vya ndani kabisa, na kila mvua zinapokaribia nasimama mbele ya akina mama na kulisema. Silisemi kwa upole kama yule mwalimu. Nafoka. Wapo wanaonung'unika, wapo wanaocheka, lakini nimewahi kupigiwa simu na mwanamke nisiyemkumbuka kwamba shemeji yake yuko hai. Siku hiyo sikula. Nyumbani sikusema neno, na mama aliendelea kufunika kioo, nami nikamshikia kanga.

Mwaka huu joto limekuwa la kuua. Mwezi wa kumi na moja wote wingu lilikuwa linakuja kutusalimia na kuondoka, na presha ya mama ikapanda ikakataa kushuka. Dawa zake anachukulia kliniki nyingine, kwa daktari wake. Asubuhi moja zikamwishia kabla ya siku yake, na mume wangu, kwa nia njema kabisa, akampakia kwenye bajaji akamleta kwenye zahanati yangu. Hakunipigia simu kwa sababu alijua niko kazini.

Mimi nilikuwa kwenye banda la kusubiria, nimewapa mgongo wanaoingia, na mbele yangu akina mama kama thelathini na watoto wao. Mmoja wao alikuwa amesema kwamba mambo ya radi ni ya wazee na nesi hayamhusu. Akanipandisha hasira.

"Yananihusu," nikamwambia. "Mtu amelala pale, moyo unasubiri mkono wa kuusukuma, nyinyi mmesimama mnamtafuta mwenye dawa. Aliyepigwa na radi hana umeme. Mguseni! Na mwenye kumzuia ndugu asimguse ndugu yake, hata kama ni mama mzazi, huyo ndiye anayeimalizia radi kazi."

Niliona macho ya wanawake yakihama kutoka kwangu, yakaenda nyuma. Nikageuka. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, fimbo kati ya magoti, kadi ya kliniki mkononi.

"Mwangaluka, mayu," nikasema. Ni salamu yetu ya asubuhi.

"Mwangaluka," akaitikia.

Nilimpima. Sitaandika namba, ila ilinitisha. Nikampa dawa, nikaomba ruhusa, nikapanda naye bajaji kurudi nyumbani. Njia nzima alitazama nje. Mchana nilipika, nikamwekea sahani mezani, hakuigusa. Mume wangu akaona hali, akajitafutia safari ya dukani.

"Yale uliyowaambia wale wanawake," mama akasema. "Ni kweli, au mnawatisha tu?"

"Ni kweli, mayu. Kwa baadhi ya watu."

"Dada yako je?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo zaidi ya miaka ishirini. Mama hakunisubiri.

"Wewe nilikuficha uso," akasema. "Mimi nilikuwa naona. Mzee alipokwisha kuondoka na baiskeli, mkono wa dada yako ulicheza. Alikunja ngumi, akakunjua. Akakunja tena, akakunjua. Nilijiambia ni ile radi imo ndani inamchezesha. Nikakubana zaidi." Alikuwa anazungumza akiitazama sahani. "Sijamwambia mtu. Baba yako amekufa hajui. Sasa nakuuliza wewe, ng'wanone, mwanangu, wewe umesoma. Alikuwa mzima?"

Nimewaambia watu wengi habari mbaya. Nimemwambia mama wa mapacha, nimemwambia mzee juu ya mke wake, na sijawahi kumdanganya mgonjwa kwa sababu naona ni dharau. Nikamtazama mama yangu usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nikiwa kidato cha pili naye alikuwa ananitazama usoni, anasubiri.

"Hapana," nikasema. "Alikwenda palepale. Dada ilimpiga kichwani, na ikipiga kichwani hakuna cha kufanya. Ile ni mishipa tu, huwa inacheza roho ikishatoka. Tunaiona sana kazini."

"Mnaiona."

"Tunaiona, mayu. Hata ungeniachia nikamfikia, ningemkuta ameshakwenda."

Sauti ya mabati yakitanuka kwa joto ilikuwa inasikika kila pembe.

"Basi," akasema. Akavuta sahani, akala ugali uliokuwa umeshapoa, akaumaliza wote, akaomba maji ya kunawa. Kisha akanyoosha miguu kwenye kiti na akalala palepale, mdomo wazi, usingizi wa mtu aliyetua mzigo wa kuni.

Mimi nilitoa vyombo, nikaenda uani, nikasimama kwenye jua la saa nane bila kitu kichwani. Nilikunja ngumi, nikakunjua. Nikakunja tena, nikakunjua. Nimeifanya kazi hii miaka mingi na najua vizuri ni nani anayeweza kufanya hivyo. Ni mtu aliye hai.